Kutazama na Kutazamia

Ninyi vijana mliobaki kituoni mmeniomba niwaachie maneno machache kabla sijarudi mlimani kulima maharage. Nakubali, kwa sharti moja. Mtu akija mlangoni kuuliza kama mkewe ana mwanamume mwingine, mwambieni kwa adabu kwamba kituo hiki hupima mvua na kutazama nyota, na kwamba wake za watu hawaonekani kwenye darubini. Swali hilo nimelijibu tangu enzi za Mdachi. Hata wiki niliyostaafu alikuja mama mmoja kutoka Mkuyuni, kapanda mlima wote ule na jua lake, kuulizia mbuzi aliyepotea. Nilimpa maji ya kunywa nikamwambia nyota hazichungi mbuzi. Aliondoka akinilaumu kwa uchoyo.

Chanzo cha usumbufu wote huu ni herufi moja, na afadhali mkijue ili mjue mmerithi nini.

Nilikuwa nimetoka shule ya misheni, nina Kidachi cha kutosha kuombea chumvi mezani na kuungamia dhambi ndogondogo. Padri akanipeleka kwa Mdachi mmoja aliyejenga kituo kidogo kwenye kigongo cha mlima, juu ya mji, mahali penye uwazi upande wa mashariki. Serikali yake ilimtuma apime mvua, upepo na joto. Moyo wake ulimtuma nyota. Jina lake halisi lilikuwa refu, limejaa sauti za mtu mwenye mfupa kooni, kwa hiyo watu wa mjini walimwita Bwana Mawingu. Jina lilimfaa kuliko la ubatizo. Kila alipotoa darubini nje, mawingu yaliteremka kutoka milimani kama yaliyoitwa kula. Akirudisha darubini ndani, anga linafunguka. Nilidhani ni masihara ya watu wa sokoni mpaka nilipofanya naye kazi.

Siku yangu ya kwanza alinionyesha vyombo. Kipima mvua, ndoo ya bati yenye mdomo wa shaba, ambayo ndani yake nilikuta chura. Kipima joto ndani ya kisanduku cheupe chenye miguu, ambacho nyuki walikuwa wanakipigia hesabu. Na darubini yenyewe, ndefu, ya shaba, imesimama juu ya miguu mitatu, imefunikwa kwa shuka la kitandani kwake. Yeye alilala bila shuka. Nikajua hapo hapo ni mtu wa namna gani.

Akaniambia anahitaji mtu wa kukaa macho, kwa sababu yeye mwenyewe homa ilimwangusha mara kwa mara. "Mtu wa kutazama nyota," alisema. Nikateremka sokoni nikampa ujumbe mpiga mbiu, mtu mwenye koo la ng'ombe na masikio ya ukuta. Akapiga ngoma yake akatangaza: "Bwana wa kule juu anataka mtu wa kutazamia nyota!"

Mnaona wenyewe. Kutazama ni kazi ya macho. Kutazamia ni kazi ya mganga: nani kaiba, nani karoga, mgonjwa atapona au tuchimbe. Kwa ile "i" moja, asubuhi iliyofuata kituo kilijaa waganga. Kulikuwa na wenye vibuyu, wenye bao la ramli, na mmoja aliyekuja na kitabu cha falaki kilichotafunwa na mende. Bwana Mawingu alifurahi mno. Alidhani ni wataalamu wenzake waliokuja na vyombo vyao, akawapa wote mkono. Yule wa falaki akamuuliza jina la mama yake, kama ilivyo desturi yao, Bwana akalitaja kwa heshima. Mzee akapiga hesabu akatangaza kwamba Bwana ataoa mjane mnene huko Gairo. Nikatafsiri kwamba huko Gairo hali ya hewa ni nzuri.

Wa mwisho alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye tumbaku ya ugoro puani na hana kibuyu wala kitabu. Ndiye Mzee Mkude, ambaye wengine wenu mlimkuta amekwisha kuwa kipofu na bado anagomba.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia. "Na wewe unatazamia kwa kutumia nini?"

"Marahaba. Mimi sitazamii kitu. Nimelala kwenye dungu tangu ujana wangu, nafukuza nguruwe wasile mahindi ya mama mkwe. Ukiwa kule juu huna pengine pa kutazama ila mbinguni. Nimesikia hapa ni kukesha vilevile, lakini kuna paa."

Bwana alimchukua papo hapo. Akawa mwalimu wangu, ingawa yeye angesema alinivumilia tu.

Alinifundisha mambo ambayo hamtayakuta kwenye vitabu mlivyoletewa baadaye. Taa ya chemli izungushieni kaniki, macho yasizoee mwanga. Nyota hafifu usiikazie macho, inaona haya. Tazama pembeni yake kidogo, itajitokeza. Kioo cha darubini msikifute kwa shati. Yeye alikifuta kwa mafuta ya nazi wiki ya kwanza ili king'ae, na kwa muda mrefu kila nyota ya Morogoro ilikuwa na ukungu na harufu ya wali. Ukisikia siafu mguuni, ondoka kwanza, sayansi baadaye. Na jamani, mtu wa ugoro asikaribie darubini. Mzee Mkude alipiga chafya kila mara Bwana alipokwisha kuishika nyota sawasawa, na kwenye darubini chafya moja inakuhamishia mbingu nzima.

Bwana alitaka kujua Waluguru wanaziitaje nyota. Mzee alijua kwa majina chache, Kilimia ikiwa mbele, kwa sababu ndiyo nyota ya wakulima. Lakini aliona ni aibu kumrudisha mgeni mikono mitupu, kwa hiyo zilizobaki alizibatiza mwenyewe. Kuna nyota moja nyekundu, kubwa, huchomoza mapema bila kualikwa na huchelewa kuondoka. Hiyo aliiita Mama Mkwe. Bwana akaandika, akapeleka kwao Udachini kwamba Waluguru wanaiita hivyo tangu zamani. Sijasikia kama wamewahi kusahihisha.

Basi, sasa niandike juu ya anga la masika, maana ndilo lililotuletea balaa.

Kila mwaka Bwana aliletewa kutoka Udachini kalenda ya nyota inayoeleza mambo ya kutazama majira kwa majira. Sura aliyoipenda ni ya majira wanayoyaita *Frühling*. Padri alikuwa amenifundisha kwamba hayo ni majira ya baridi kuisha na miti kuota majani mapya. Kwetu miti huota majani ikijisikia. Tukalinganisha miezi na miezi, tukaona *Frühling* inaangukia masika, tukaiita masika, basi. Kalenda iliahidi kwamba huo ndio wakati wa usiku mtulivu na anga safi. Aliyeichapa hakuwahi kulala chini ya bati Morogoro mwezi wa nne.

Hata hivyo masika nayo ina nafasi zake, na ukiwa mvumilivu utaona mengi. Baada ya magharibi tazameni Kilimia ikizama upande wa machweo, kila jioni chini zaidi, mpaka siku moja huioni, na wazee wanajua palizi imewadia. Kusini unasimama msalaba wa nyota nne. Padri aliupenda sana, na jirani yake Mwislamu aliapa kwamba ni tiara ya watoto iliyokatika uzi, wakabishana miaka yote bila kugombana. Kaskazini, chini kabisa, juu ya stesheni ya reli, lipo kundi la nyota saba ambalo kalenda ililichora kama gari la kukokotwa. Kwetu limepinduka, magurudumu juu. Bwana alizoea kusimama shingo yake imepinda kama kuku anayekunywa maji, ili alione kama alivyoliona kwao. Nyota yao ya kaskazini isiyohama aliitafuta kwa mwaka mzima kabla hajakubali kwamba iko chini ya ardhi, upande wa Handeni na kwingineko. Siku aliyokubali alikataa chakula cha jioni. Mwezi mwandamo nao ulimsumbua, kwa kuwa hapa hulala chali.

Na karibu na alfajiri kuna vimondo. Vikipita, wapishi walisema ni mashetani yanayofukuzwa mbinguni. Bwana alisema ni mavumbi. Mzee Mkude alisema vyovyote vile, havijawahi kumwangukia nguruwe hata mmoja, kwa hiyo yeye hana haja navyo.

Sasa nije kwenye ile masika yenyewe.

Mvua zilikuwa hazijaanza Bwana aliponiita na kalenda mkononi, anajibu maswali ambayo sijauliza, nikadhani homa imerudi. Akasema inakuja nyota ya mkia. Itaonekana mashariki kabla ya jua kuchomoza, halafu itahamia magharibi. Babu yake aliiona akiwa mtoto, akamwambia: wewe ukiishi utaiona ikirudi. Tangu yuko shule alikuwa akiingoja. Nilimhurumia, nikijua mawingu yetu.

Kisha akawaza jambo jema, na jambo jema la Bwana Mawingu lilikuwa na hatari yake. Akasema watu wataogopa, hivyo waambiwe mapema. Akamtuma Mzee Mkude siku ya soko Mkuyuni akawatulize.

Mzee akaenda, akasimama kati ya wauza ndizi na wauza vyungu, akasema: "Jamani, masika hii itakuja nyota yenye mkia. Msishtuke. Itapita." Alisema hayo tu, akanunua ugoro, akarudi. Lakini Mkuyuni nzima ilimjua kama yule mzee wa kwa Bwana Mawingu anayetazamia nyota. Habari ikaanza safari ya kuja mjini. Ilipofika Kiroka, mkia ulikuwa umegeuka upanga. Ilipofika Bigwa, upanga ulikuwa na mtu ameushika. Ilipoingia Morogoro mjini, mtu huyo alikuwa anawafukuza Wadachi mpaka baharini.

Mtakumbuka, au wazazi wenu watakumbuka, kwamba vita vya maji ya dawa vilikuwa bado vibichi. Bomani mganga yeyote aliyetaja kesho alikuwa adui wa serikali, na watu walinyongwa kwa maneno machache kuliko yale. Askari walimkuta Mzee Mkude anachota maji kisimani. Walimtia mnyororo shingoni, ndoo ikabaki pale pale.

Nilikimbia kumwambia Bwana. Niliogopa, sina haja ya kuficha. Mzee yule alikuwa ananiita kipofu, zuzu na mtoto wa padri, na nilimpenda kuliko nilivyojua mpaka nilipoiona ile ndoo.

Bomani alikuwapo mkubwa mmoja mwenye masharubu yaliyonyooka pande mbili, na mkalimani wake, mtu wa pwani, kanzu safi, ambaye aliamini kwamba Kiswahili huishia Bagamoyo na kinachozungumzwa zaidi ya hapo ni kelele. Mzee alikuwa amesimama katikati, mnyororo umemzidi uzito.

"Mwulize kama alisema nyota itakuja," mkubwa alianza.

"Mzee, ulitazamia kwamba nyota itakuja?" mkalimani akauliza.

"Sikutazamia. Nilitazama."

"Amekiri," mkalimani akamwambia mkubwa.

Nikadakia kwa Kidachi changu cha chumvi na ungamo. Nikasema hayo ni maneno mawili, moja la macho, moja la uganga. Mkalimani akacheka, akasema tofauti yenyewe ni herufi moja. Nikamwambia hata Bara na Baba tofauti yake ni herufi moja, lakini hakuna aliyezaliwa na bara. Mkubwa akanitaka ninyamaze.

Bwana Mawingu akaweka kalenda mezani. "Maneno aliyosema yamo humu. Yamechapwa kwetu. Mimi ndiye niliyemtuma."

"Yakiwa humu ni sayansi," mkubwa alimjibu. "Yakiwa kinywani mwa huyu ni uchochezi."

"Ni nyota ile ile."

"Bado haijaonekana. Mpaka sasa ni maneno tu."

Walibishana mpaka masharubu ya mkubwa yakalegea kwa joto. Mwishowe akatoa hukumu ambayo yeye aliiona ya haki kabisa. Kesho alfajiri atapanda mwenyewe kituoni. Nyota ikiwapo mahali kalenda inaposema, mzee alisema kweli ya serikali, atafunguliwa. Isipokuwapo, ametangaza uongo wa kutia watu hofu, na mnyororo utabadilishwa kwa kamba.

Tukatoka nje. Mvua ilikuwa inanyesha. Ilikuwa inanyesha tangu juzi.

Jioni ile Bwana hakula. Alizunguka darubini, akatoka nje kutazama juu, na kila alipotoka, wingu lilizidi kushuka. Nikamwona anaanza kulielewa jambo ambalo mji mzima ulikuwa umelielewa zamani. Akaketi kwenye kizingiti.

"Petro," akaniambia, "sayansi haina habari na upuuzi huu."

"Ndiyo, Bwana."

"Mawingu hayanijui mimi."

"Ndiyo, Bwana."

Akalitazama wingu tena. "Jikoni kuna nafasi?"

Nikamwambia ipo, kati ya kuni na gunia la viazi. Nikaenda kulisogeza gunia. Mtu yule alikuwa ameingoja nyota ile maisha yake yote.

Kabla ya mapambazuko walipanda: mkubwa juu ya nyumbu, mkalimani akishika kanzu isiguse tope, askari, na Mzee Mkude katikati na mnyororo wake. Anga lilikuwa limefungwa kila upande. Mkubwa akauliza Bwana wa kituo yuko wapi. Nikajibu ana homa, na Mungu anisamehe, kwa Kidachi ilitoka vizuri sana.

Mzee akapepesa macho kuelekea jikoni, ambako moshi ulikuwa unatoka mlangoni na mtu anakohoa. Akanigeukia. "Mle ndani ndiye?"

"Ndiye, mzee."

"Mwambie afunge na dirisha."

Nikaenda nikafunga dirisha. Bwana alikuwa amekaa juu ya kuni, uso ukutani, lile shuka la darubini limemfunika kichwa. 

Tukangoja. Mkubwa akatoa saa yake mfukoni, akairudisha, akaitoa tena. Mkalimani akapiga miayo. Kisha upepo ukaanza kuteremka kutoka mlimani, kama unavyofanya alfajiri nyingi, na ninyi mmeupima wenyewe. Wengine watasema ulikuwa ni huo upepo. Nilikuwapo, na sina la kubisha wala la kuongeza. Wingu likachanika upande wa mashariki, likachanika zaidi, na ile nyota ikawa pale.

Kichwa chake kilikuwa chini, karibu na ukingo wa milima, na mkia umepanda juu mbinguni kama ufagio uliosimamishwa kwa mpini wake. Haukuhitaji darubini. Askari mmoja akaketi chini bila amri. Mkalimani akatamka shahada, na tope likapata kanzu. Mkubwa akavua kofia, akabaki ameishika, kipara chake kinapata umande. Hata mimi nilisahau kwa muda kwamba kuna mtu shingo yake inategemea jambo hili.

Mkubwa ndiye aliyenikumbusha. Akavaa kofia, akamtazama mzee, akasema polepole: "Sasa mwulize. Nyota hii maana yake nini?"

 Mtego ulikuwa wazi. Akisema ina maana ya mvua, ni mganga. Akisema vita, ni mchochezi. Akisema hajui, basi alitangaza nini Mkuyuni? Mkalimani akafurahi, akaliuliza kwa namna aliyoipenda yeye:

"Bwana mkubwa anauliza, umetazamia nini?"

Mzee Mkude akaomba mkono mmoja uachiwe. Akatoa ugoro, akavuta tundu moja la pua, akavuta la pili, wote tukimngoja kama tunangoja mtoto azaliwe. Akapiga chafya. Kisha akaelekeza kidevu mashariki, ambako weupe ulikuwa umeanza kupanda chini ya nyota.

"Mwambie maana yake kunakucha."

Nikawahi kabla ya mtu wa pwani. Nikamwambia mkubwa: anasema jua linakaribia kuchomoza. Huko mjini jogoo mmoja akawika, na sikumlipa mimi. Mkubwa akatazama mashariki, akatazama saa yake, akakuta ni kweli. Akacheka, masharubu yote mawili yakapanda.

"Mfungueni," akasema. "Huyu ni saa tu."

Mnyororo ulipotoka shingoni kulibaki alama nyekundu pande zote. Nililia mbele ya askari na sikujali. Mzee alinitazama kwa karaha akaniambia nikalete ndoo yake kisimani kabla haijaibiwa.

Walipokwisha kuteremka, nilikwenda kufungua jikoni. Bwana akatoka, macho mekundu kwa moshi, masizi puani. Mashariki kulikuwa kumekwisha kuwa kweupe, hakuna nyota hata moja. Akasimama akitazama mahali ilipokuwa.

"Mkia ulikuwaje?" akauliza.

 Mzee Mkude ndiye aliyesema, akijikuna shingo: "Mfupi, Bwana. Hukukosa kitu."

Bwana akamshika mkono, akautikisa muda mrefu. Tangu hapo hakumkemea tena kwa chafya. Ile nyota ilipohamia magharibi, jioni moja tulimpatia kwa ujanja: mzee alisimama nje peke yake, Bwana amekaa ndani amegeuka kando, na mzee akaita "Sasa!" Akatoka mbio. Aliiona kwa kitambo cha mtu kumeza mate, kabla wingu halijafika. Alirudi ndani akiimba.

Tulifanya kazi pamoja masika nyingine kadhaa baada ya hapo, na nyingi ya hizo hazina cha kusimulia zaidi ya mvua. Watu waliendelea kupanda kuulizia mbuzi na wake zao, na safari hii walikuwa wengi zaidi, kwa kuwa mzee aliyetoka bomani na shingo yake alikuwa mganga wa kweli machoni pao. Yeye aliwafukuza kwa matusi ya Kiluguru ambayo siyaandiki.

Kisha vita vikubwa vya Wazungu vikaja mpaka kwetu. Siku Wadachi walipoondoka Morogoro, barabara ilijaa wapagazi, nyumbu, mizigo na vilio, wote wakielekea milimani na zaidi. Bwana Mawingu alipanda kituoni kutuaga. Alikuwa amekonda, koti limemzidi. Darubini alituachia, na shuka lake. Kiswahili chake kwa wakati huo kilikuwa kizuri, akamwendea Mzee Mkude moja kwa moja.

"Mzee," akamwambia, "ile asubuhi ulimjibu mkubwa kwamba kunakucha. Nimeifikiria sana. Ulikuwa unasema jua, au ulikuwa unasema sisi Wadachi kuondoka?"

Mzee alikuwa amebakiwa na meno machache. Nyumbu walikuwa wanapiga kelele chini ya kigongo, na msimamizi wa wapagazi anafoka. Akajibu neno moja, na mpaka leo sijui kama alisema "nilitazama" au "nilitazamia". Ile "i", kama ilikuwapo, ilipita kwenye pengo.

Bwana akanigeukia. "Amesemaje?"

"Anakutakia safari njema, Bwana."

Akatikisa kichwa, akateremka. Jua lilipozama tulitoa darubini nje, mimi na mzee, kwa mazoea tu. Anga lilikuwa safi kutoka milimani mpaka stesheni, hakuna wingu hata moja. Nikaielekeza kwenye ile nyota nyekundu ya Mama Mkwe nikamkaribisha mzee. Alikataa kutazama.